Uzio wa Tukuyu: vibao vya 2019 vilivyooza kabla ya vile vya 1971

Aliyenipigia simu ni mwalimu mstaafu, mama wa miaka sabini na ushee anayeishi Tukuyu. "Fundi, uzio wangu umezeeka kunishinda mimi, na una miaka mitatu tu." Ilikuwa Juni 2022. Nilipanda gari asubuhi kutoka Mbeya mjini, nikateremkia Tukuyu kwenye manyunyu, nikaenda kuona.

Mbele ya nyumba yake kuna uzio wa mbao wenye urefu wa futi 84. Vibao vimesimama wima, kila kimoja upana wa inchi tatu na nusu, na kichwa chake kimechongwa mfano wa jani la mkuki: mabega, shingo iliyoingia ndani, halafu kichwa kinachopanuka tena na kuishia kwenye ncha. Uzio wa kwanza aliujenga marehemu mume wake mwaka 1971. Mwaka 2019 nguzo zilikuwa zimeliwa na mchwa, watoto wakaona heri uzio wote ubadilishwe. Fundi aliyepewa kazi aling'oa kila kitu, akachonga vibao vipya kwa jigiso, ule msumeno wa umeme wa kukatia mikunjo, akapaka rangi nyeupe, akaondoka.

Vibao vya zamani havikutupwa. Mama alivipanga nyuma ya banda la kuku chini ya mabati, akawa anakokea moto vile vilivyovunjika tu. Kwa hiyo nilikutana na kitu ambacho fundi hakipati kila siku: uzio wa zamani na uzio mpya, umbo moja, kiwanja kimoja, mvua moja, vyote viwili naweza kuvishika mkononi na kuvilinganisha. Ndiyo sababu nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa urefu.

Na mvua ya pale si ya mchezo. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mbao iliyokosewa huko haisubiri miaka kumi kukuumbua.

Nilihesabu vibao 168. Vichwa 61 vilikuwa vimelainika kiasi kwamba bisibisi iliingia bila kusukumwa kwa nguvu. Vingine zaidi ya 40 vilikuwa na ufa unaoanzia shingoni, vingi vyao kichwa kimeshaanguka. Nikaenda nyuma ya banda la kuku, nikachomoa vibao kumi vya zamani bila kuchagua. Rangi ilikuwa imekwisha kabisa, mbao zimekuwa kijivu, chini kwenye miguu baadhi zimeoza. Vichwa vyote kumi vilikuwa vizima.

Mama alikuwa na jibu lake tayari. "Ni vifaa, mwanangu. Baba yao alichonga kwa mkono. Huyu kijana alikuja na mashine." Akaingia ndani akatoka na sanduku.

Sanduku lenyewe

Nimefanya useremala zaidi ya miaka ishirini, na sikuwahi kuona vifaa vya kazi moja vilivyokusanywa vizuri namna ile. Juu kabisa kulikuwa na kigezo kilichokatwa kwenye bati la debe, nusu ya umbo la kichwa, na matundu mawili ya misumari ya kukishikiza. Unachora upande mmoja, unakigeuza, unachora wa pili. Umbo halipotei hata ukichonga mia.

Chini yake kulikuwa na kisu cha kuvuta, chenye makali marefu na mkono wa mti kila upande. Unakaa, unabana mbao mbele yako, unakivuta kuelekea kifuani. Kilikuwa na mhuri wa Sheffield, mji wa Uingereza uliotoa zana nyingi zilizotufikia enzi za ukoloni na baadaye. Kulikuwa na randa ya Stanley namba 5, ile ndefu ya inchi 14. Kulikuwa na msumeno wa upinde, fremu ya mti na utepe mwembamba unaokazwa kwa kamba iliyosokotwa. Patasi tatu, tupa ya mbao, jiwe la kunolea lililolika katikati.

Na kulikuwa na randa mbili ndogo zenye mikono pembeni kama mabawa. Waingereza huziita spokishevu kwa sababu zilichonga spoki za magurudumu ya mbao. Zote mbili zilikuwa Stanley namba 151, zile zenye skurubu mbili za kushusha na kupandisha makali. Tofauti yao ni tumbo: moja bapa, nyingine mviringo. Bapa ni ya mkunjo unaotoka nje na ya mshazari. Ya mviringo ni ya mkunjo unaoingia ndani, kwa uzio huu ikiwa ni ile shingo.

Niliomba niondoke na sanduku pamoja na vibao ishirini, kumi vya kila uzio. Mama alisita kidogo kuhusu sanduku. Kisha akasema, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, "lirudi tu."

Nilichokiona ndani ya vichwa

Karakana yangu ipo Mwanjelwa. Nilivipasua vichwa vyote ishirini kwa urefu, nikavipanga mezani.

Vipya vilikuwa vya paini. Paini si mbao mbaya. Tunajengea nayo mapaa mkoa mzima, na mashamba kama Sao Hill kule Mufindi na Kiwira pale pale Rungwe yamelisha karakana zetu miaka mingi. Lakini hii ilikuwa paini changa. Pete za ukuaji zilikuwa pana, tatu tu kwenye inchi moja, na vibao sita kati ya kumi vilikuwa na uboho, ile sehemu laini ya katikati kabisa ya mti, imepita humo humo. Mti uliokatwa kabla haujakomaa hutoa mbao nyepesi, inayojikunja, na sehemu kubwa yake ni ule mti mweupe ambao kuvu huupenda. Mashine za dingdong, zile ndogo za kupasulia magogo, zinapasua kinacholetwa, na wenye miti wakishikwa na ada ya shule hawasubiri.

Vya zamani, randa ilipopita mara moja, vilitoa harufu. Saipresi, na miaka 51 imepita. Pete kumi na moja kwenye inchi, nyuzi zimenyooka kutoka mguuni hadi kwenye ncha. Katika vibao vyote kumi sikuona jicho, lile doa gumu la mahali tawi lilipoota, hata moja kwenye eneo la kichwa. Miguuni macho yapo, tena makubwa, ila kichwani hakuna.

Hilo la macho lilinikalisha chini. Mtu aliyechonga alikuwa anachagua upande upi uwe juu.

Jambo la pili lilikuwa mabega. Kwenye vibao vya 2019 bega limekatwa mlalo, karibu sawa na sakafu, na pale linapokutana na shingo kuna kona kali. Maji ya mvua yanakaa pale kama kwenye kisahani, na nyufa karibu zote zilianzia kwenye kona hiyo. Kwenye vya zamani bega linateremka na shingo inaanza bila kona, umbo linatiririka lote. Nilidhani ni urembo. Nilipochukua spokishevu yenye tumbo la mviringo na kujaribu kuchonga bega la mlalo, nikaelewa: haiwezekani. Kifaa hakiingii kwenye kona. Kinahitaji njia ya kutokea. Aliyechonga mwaka 1971 alifuata mahali spokishevu inapokubali kupita, na njia hiyo ndiyo inayomwaga maji.

Jambo la tatu ni uso wa ncha. Juu ya kibao nyuzi zimekatwa, na hapo mbao hunywa maji kama mrija, haraka kuliko ubavuni mara nyingi. Jigiso ilikuwa imeacha pale manyoya kama kitambaa kilichochanika, na rangi imekaa juu ya manyoya. Makali ya mkono huacha uso unaong'aa kama sabuni iliyokatwa kwa waya. Nilichukua vipande viwili vya ubao mmoja, kimoja cha jigiso na kimoja cha patasi, nikavisimamisha kwenye maji bila rangi. Vilikunywa karibu sawa. Nikarudia na vingine viwili, safari hii nikapaka rangi mikono miwili kwanza. Cha jigiso kilitoka kizito zaidi, mizani ya duka ikaonyesha waziwazi. Manyoya yanapotokeza kwenye rangi, kila unyoya ni mlango.

Je, mama alikuwa sahihi?

Nusu. Nilimpigia simu nikamwambia hivyo, na sikutaka kumfurahisha kwa maneno nisiyoyaamini. Jigiso haikuozesha uzio wake. Ningeweza kuchukua jigiso ile ile, saipresi iliyokauka, kigezo cha mzee, nikapiga msasa ncha vizuri, na uzio ungedumu. Kilichoozesha ni mti mchanga, bega la mlalo, na rangi iliyopakwa kwenye mbao mbichi. Hilo la ubichi nililijua kwa namna rangi ilivyochubuka kwa magamba makubwa, na nyuma yake doa la bluu la kuvu.

Lakini kuna sababu iliyofanya makosa yote matatu yapite bila fundi yule kuyaona, na hapo mama ana haki yake. Msumeno wa umeme unakata kila unachopewa. Jicho unapita, uboho unapita, nyuzi zilizopinda unapita, mlio ni ule ule. Fundi hapati taarifa yoyote mkononi. Kisu cha kuvuta hakina tabia hiyo. Ukikitia kwenye mbao yenye nyuzi zinazokwenda kombo, hakikati mstari wako, kinafuata nyuzi na kupasua ndani, kibao kimekufa hapo hapo. Spokishevu ikikutana na jicho inagonga na kuruka, mkono unaumia. Kwenye paini changa inang'oa nyuzi badala ya kuzikata. Mzee yule hakuhitaji kusoma kitabu cha mbao. Vifaa vyake vilikuwa vinamrudishia mbao mbaya moja moja, na kilichobaki ndicho alichojengea. Ndiyo maana hapakuwa na macho vichwani.

Nikamwomba mama nifanye kazi yote kwa lile sanduku. Nilimweleza bei mapema: siku za kazi zingekuwa nyingi mno kuliko za jigiso. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

Kuamsha chuma

Vifaa vilikuwa na kutu, si kutu ya kutisha. Visu nilivitoa, nikaviloweka kwenye siki usiku mmoja, nikavisugua kwa waya laini, nikavisuuza na maji ya sabuni, nikavikausha juu ya jiko na kuvipaka mafuta siku hiyo hiyo. Ukichelewa kutu inarudi kabla ya chai. Miili ya spokishevu ni chuma cha kumimina, na chuma hicho hakina msamaha kikidondoka sakafuni, mkono unakatika kama kigae. Niliikagua yote kwa kuigonga kidogo na kusikiliza. Yenye ufa hulia kama chungu kibovu. Zote mbili zililia vizuri.

Kunoa ndiko watu wanakokata tamaa. Kisu cha spokishevu ni kifupi mno, vidole havina pa kushika. Nilichukua kipande cha mninga, nikakikata mfereji kwa msumeno kwenye ncha, nikakichomeka kisu humo. Sasa unacho kama patasi yenye mpini. Nilikinoa kwa pembe ya nyuzi 25, nikamalizia makali yenyewe kwa pembe ya nyuzi 30 kwenye jiwe, mpaka nikahisi ule uzi mwembamba wa chuma upande wa nyuma, nikauondoa kwa kulaza kisu bapa. Kipimo changu ni kimoja: kikate ncha ya paini, upande wa nyuzi zilizokatwa, kiache uso laini. Paini ni laini, inapondeka, kwa hiyo makali butu hayawezi kujificha. Kisu kikiipita paini, saipresi haina swali.

Kazi ya Julai na Agosti

Nilinunua mbao 38 za saipresi, inchi moja kwa nane, urefu futi 12. Kwa macho tu nilizikataa kumi. Zilizobaki 28, kila moja ikipasuliwa katikati na kukatwa mara tatu, zinatoa vibao sita vya futi nne kasoro: 168 kamili. Zilikuwa zimekaa chini ya paa la muuzaji miezi kadhaa, hata hivyo nilizipanga tena kwa vijiti katikati ili upepo upite, nikawa napima uzito wa mbao tatu kila wiki. Uzito ulipoacha kushuka ndipo tulipoanza. Kuvu ya kuozesha haistawi kwenye mbao ambayo unyevu wake uko chini ya asilimia 20, na mbao iliyokauka hivyo ndiyo inayoshika rangi.

Mpangilio ulikuwa huu. Randa kwanza, nyuso zote mbili, maana randa ndiyo inayokuonyesha nyuzi zinakwenda wapi. Kisha unachagua kichwa: upande usio na jicho, na nyuzi zimenyooka. Kigezo, penseli. Msumeno wa upinde unaondoa unene wa shingoni, kisu cha kuvuta kinaondoa mabega na mshazari wa ncha mpaka karibu na mstari, na spokishevu mbili zinamalizia.

Kijana wangu wa kazi aliharibu vipande vinne vya mazoezi siku ya kwanza, na makosa yalikuwa yale yale ambayo mimi niliyafanya nikijifunza. Alikuwa anachonga kutoka kwenye ncha kurudi begani. Nikamwambia, "Dogo, penseli unaichonga kuelekea wapi?" Akanyamaza, akatazama kibao, akakigeuza. Makali yatoke penye unene kwenda penye wembamba, siku zote, ili kila uzi unaokatwa uwe umeegemea mwenzake wa chini. Kwenye shingo, ambayo ni bonde, kuna miteremko miwili: unashuka kutoka upande huu hadi chini, unasimama, unageuza kibao, unashuka kutoka upande wa pili. Ukijaribu kupanda, kisu kinaingia chini ya nyuzi na kunyanyua gamba lote. Baada ya hapo hakuharibu tena, na kufikia siku ya tatu alikuwa ananiita kunionyesha utepe mrefu uliotoka bila kukatika.

Ncha yenyewe hatukuichonga moja moja. Tulibana vibao sita pamoja, kipande cha taka kila upande ili kile cha pembeni kisimeguke, tukapitisha spokishevu bapa kwa mshazari juu ya vyote.

Spokishevu ilifanya kama nilivyotarajia. Vibao 14 ambavyo macho yangu yalivipitisha, yenyewe ilivikataa: nyuzi zimejizungusha ndani, au jicho dogo limejificha chini ya uso. Nilinunua mbao tatu zaidi, vibao 18, ikakataa saba. Tukabaki na 165. Siku ya mwisho, gari la kupeleka mzigo limeshafika, tulikuwa pungufu vitatu. Nikachukua vitatu kwenye rundo la vilivyokataliwa, nikavikata kwa jigiso, nikavisugua kwa msasa, nikaviweka alama ya penseli kwa nyuma. Nilijua ninachokifanya, na nilikifanya.

Kuchonga kulituchukua siku tisa za watu wawili. Kwa jigiso ningemaliza kwa siku mbili.

Huko Tukuyu kazi ilikwenda haraka. Mabega na ncha yalipakwa praima mara mbili kabla ya kitu kingine chochote, kisha rangi. Miguu ya vibao tuliiacha inchi mbili juu ya udongo. Papi za mlalo zinazoshika vibao tulizipiga randa juu ziteremke, maji yasilale pale mbao zinapokutana. Nguzo ni zile zilizotiwa dawa ya shinikizo, na pale tulipokata nguzo tulipaka dawa upya kwenye jeraha. Vipande vya nguzo hizo nilimsihi mama asivichome jikoni hata kimoja, kwa kuwa dawa ile ina aseniki.

Juni 2024

Nilirudi baada ya masika mawili. Mama alikuwa ameketi barazani, uzio mweupe mbele yake, kijani cha migomba nyuma. Nilitembea na bisibisi kibao kwa kibao, zote futi 84.

Vibao 164 vilikuwa vizima. Kimoja kilikuwa kimevunjwa na ng'ombe. Vitatu vilikuwa na ufa shingoni, na viwili kati ya hivyo vilianza kulainika. Niligeuza kichwa cha kila kimoja kutazama nyuma, ingawa nilishajua. Alama ya penseli ilikuwepo kwenye vyote vitatu, chini ya rangi, inaonekana ukiitafuta.

Nilimwambia mama ukweli wote, vilitoka wapi na kwa nini. Akaniuliza tu nitavileta lini vingine. Saipresi ya vibao vinne iko kwenye rafu yangu tangu wiki ile, imepangwa kwa vijiti, na spokishevu ameniachia mpaka kazi hiyo iishe.